Mashine ya Gemu Bila Stendi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msiseme cucu, huyu nyanya yenu, hajui gemu. Gemu sijui. Bei najua.

Mjukuu wangu mkubwa alisuka wanafunzi nywele kule Juja kila Jumamosi, mwaka mzima, mpaka miguu ikawa inavimba kwa kusimama. Alikuwa anawekea pesa mashine ya gemu, ile unaishika mkononi ukicheza, halafu ukifika nyumbani unaichomeka kwa stendi yake na gemu inahamia kwa tivi. Alitaka hiyo ya tivi kwa sababu ya dadake mdogo, ambaye macho yake hayashiki vitu vidogo.

Akaniambia ameipata Ruiru, bei nafuu kuliko ile aliyoiona Thika. Ameuliza kwa simu kama inaingia kwa tivi, akaambiwa inaingia. Nikasema twende wote.

Mimi nimenunua ng'ombe wa maziwa miaka mingi. Ng'ombe hulipii kwa kuambiwa. Anakamuliwa ukiona, jioni na tena asubuhi, kwa sababu kuna watu humwacha siku nzima bila kukamuliwa ndio mnunuzi akute kiwele kimejaa.

Mwenye duka akaiweka mezani, inang'aa.

"Ichomeke kwa tivi tuone," nikamwambia.

"Cucu, hii ni original. Watu hununua bila maswali."

"Mimi si hao watu. Hata ng'ombe hukamuliwa nikiona ndio nilipe. Ichomeke."

Akacheka. "Hii si ng'ombe, haikamuliwi."

"Basi nionyeshe kiwele."

Mjukuu wangu akanivuta sweta. "Cucu, unaniaibisha." Alikuwa ameshatoa simu alipe.

Tivi ilikuwa hapo ukutani, inaonyesha mpira. Mtu yule akapekua chini ya meza, akapekua tena, mwishowe akasema stendi inauzwa kando. Ukijumlisha bei yake, ilikuwa imepita ile ya Thika.

"Si ulimwambia mtoto inaingia kwa tivi?"

"Inaingia. Lakini na stendi. Hakuuliza stendi."

Hilo jibu linanichoma mpaka leo. Bei kubwa si dhambi. Anayetaja bei kubwa na kukupa kitu kizima hajakuibia. Ukishindwa, unaenda nyumbani na heshima yako. Lakini kuchukua Jumamosi zote za mtoto, umpe nusu ya kitu na uite bei nzuri, hiyo ni nini?

Tukarudi Thika. Mama wa duka aliichomeka kwa tivi kabla sijafungua mdomo. Ilikuwa ghali. Nikasema ilipiwe. Mdogo alipoona gemu ukutani kwetu, hakusogeza hata kiti karibu; aliona yote kutoka pale alipokaa.

Jioni hiyo niliita watu wote wa nyumba yangu, hata baba yao, nikawaambia: "Hapa hakuna atakayelipia kitu hajaona kikikamuliwa. Na wewe uliyesema nakuaibisha, kesho asubuhi ng'ombe utamkamua wewe."