Marehemu wa Ubaldina

Kila Jumatatu, siku ya roho za wafu, Ubaldina aliwahi makaburini jua likiwa bado halijawa kali, akapiga hodi kwa kidole kwenye kaburi moja lililojengwa ukutani, akasubiri kidogo, kisha akaanza kuongea. Hakuna aliyemcheka. Vita vya serikali na waasi vilipopamba moto huko milimani, mto Magdalena uliuletea mji wake maiti wasio na majina, na wanawake wengi walikuwa na maiti wa kuwatunza. Unamchagua mmoja, unalipaka kaburi lake rangi, unampa jina na glasi ya maji, naye anakutimizia haja zako. Ukishamchagua ni wako, na hakuna wa kumgusa bila ruhusa yako.

Marehemu wake, Ubaldina alimwita Fredy, jina la mwanawe. Fredy mwenyewe alikuwa polisi, waasi wakamteka. Wazazi wa mateka waliandamana hadi mji mkuu, wakaiomba serikali ibadilishane wafungwa na waasi. Serikali ikajibu kwamba haizungumzi na magaidi, ikatuma helikopta za kuwaokoa. Hakurudi hata mmoja.

Miaka ikapita, serikali nyingine ikaketi kuzungumza amani na waasi wale wale. Sasa Ubaldina ndiye aliyekuwa hataki kusikia.

"Kuongea nao nini?" aliwafokea wateja wake bandarini, mwiko mkononi. "Walipoondoka na mwanangu walikuwa mabubu? Mimi na hao meza moja? Hata nife!"

"Sawa mama, lakini samaki wangu hakumteka mtu, usimuunguze," mteja mmoja akamtania.

Kaburini alikuwa mpole. Aliomba aonyeshwe mahali mwanawe alipolala, basi. Marehemu alikwisha kumponya goti, akamrudishia na mbuzi aliyepotea. Lakini haja hiyo moja, kila alipoitaja, maji yalipungua kwenye glasi huku anayatazama, mpaka yakaisha, na haja haikutimia.

Mkataba wa amani ukatiwa saini. Wakaja watu wa kutafuta waliopotea, wakachukua kipande cha mfupa katika kila kaburi la asiyejulikana, kwa ruhusa ya watunzaji. Miezi ikapita, na Jumatatu moja Ubaldina akamkuta mwanamke mzee kaburini, kofia mkononi.

"Ndiye wewe unayemtunza mwanangu?"

"Mwanao yupi?"

"Arcesio. Mimi Otilia, mama yake. Wamepima mfupa wakaniita. Alikuwa kwa waasi, dada, sikufichi. Alilinda mateka. Wenzake wakamuua, wakamtupa mtoni. Nimekuja kukuomba ruhusa."

Siri zake zote Ubaldina alikuwa amezimwaga katika sikio la marehemu huyo.

"Mlinzi wa mateka! Na nilimwita mwanangu! Ningejua, hata maji asingeyaonja!"

"Lakini ulimpa," Otilia alisema, akaanza kulia.

Ubaldina alimchukia, na akamwonea huruma, yote kwa pamoja. Akaligeukia kaburi.

"Wewe Arcesio! Mama yako huyu hapa, amekufuata. Wangu yuko wapi? Sema, ndipo utoke."

Kisha Otilia, aliyekuwa ameegemea ukuta, akafumbua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kijana, nzito, imejaa maji.

"Ng'ambo ya kijito cha chumvi. Chini ya jiwe lililopasuka. Nilimfunika kwa turubai langu."

Otilia akajifuta machozi. "Mbona unanikodolea macho hivyo? Sijasema kitu."

Ubaldina alitoa ruhusa. Mifupa ikatiwa ndani ya kisanduku, Otilia akapanda nacho boti, akaenda zake.

Kesho yake Ubaldina aliingia ofisi ya wale watafutaji, mahali ambapo siku zote alipapita kwa upande wa pili wa barabara ili asipakaribie. Nyuma ya meza alikaa mtu mwenye mvi, aliyekuwa mwasi zamani, ambaye sasa aliwaonyesha watafutaji makaburi ya siri. Ubaldina hakumsalimu. Alimtajia kijito, jiwe na turubai, huku amesimama.

Yule mtu aliweka chini kikombe chake cha kahawa.

"Nani amekwambia?"

"Wewe jibu. Ni kweli au si kweli?"

"Tuliomzika kijana huyo ni wawili tu. Hili ndilo nimeshindwa kulitamka mpaka leo. Mwenzangu..." Akakisogeza kikombe kando. "Mwenzangu nilimpiga risasi mimi mwenyewe. Nani amekwambia, mama?"

Kwa miaka yote Ubaldina alikuwa amemwekea mtu kama huyu matusi na mate. Akayatafuta, asiyaone.

"Nipeleke," alisema.

Yule mtu alijaribu kuinuka, akarudi kukaa. Ubaldina akavuta kiti, akakaa mezani mbele yake, akamngoja.