Kabati la Chatu Wawili

Seremala mmoja, watu wakimwita Pima-Mara-Mbili, aliogopa nyoka kuliko kitu chochote duniani. Siri hiyo aliijua mkewe tu.

Asubuhi moja muuguzi mstaafu aliingia karakanani kwa fundi huyo, akaagiza kabati la futi sita lenye milango ya kioo ya kuteleza. "Liwe na matundu ya hewa, fundi, lakini madogo, kidole kisipite."

"Hakuna tabu, mama. Ijumaa unalo. Unafuga sungura?"

"Chatu. Wawili. Wapole hao, usione hivi!"

Fundi alitamani kukataa. Neno lilishamtoka, na yeye si mtu wa kula matapishi yake.

Mkewe aliposikia, alicheka hadi akashika mbavu. "Wewe na chatu! Haya, mume wangu, kila la heri."

Fundi akapiga randa, akaziba viungo kwa gundi, akasugua ndani kwa msasa kibanzi kisije kikawachubua. Akiwa anasugua pembe, alijishtukia akiwaza, "Hapa atajikunja vizuri." Akaguna, akaendelea.

Ijumaa alilipeleka. Kabla hajaweka chini mfuko wa vifaa, muuguzi alishamtoa chatu mmoja kwenye beseni lenye mfuniko. "Nishikie kidogo, baba, nimwingize mwenzake."

Kufumba na kufumbua, nyoka yuko mabegani. Fundi alikauka kama gogo. Lakini ajabu, ngozi ilikuwa kavu na laini, na mnyama mwenyewe alitulia tuli.

Hapo ndipo jicho lake lilipotua nyuma ya kabati. Tundu la kupitisha waya wa taa ya kuwapa chatu joto alikuwa amelitoboa pana kupita kiasi, na kichwa cha chatu wa pili kilishaanza kuchungulia nje!

"Mama, anatoka!"

Hakungoja. Alibandika kiganja juu ya tundu. Chatu akamgusa kwa pua, akafikiri kidogo, akarudi ndani. Muuguzi akashika zamu ya kuziba tundu, naye fundi akakata kibao, akakitoboa kitundu cha waya tu, akakikaza kwa bisibisi.

"Fundi," muuguzi akasema akicheka, "si ungenirudishia kwanza huyo wa mabegani?"

"Mwache tu, mama. Mzito, lakini hana neno."

Jumapili alirudi, eti kukagua reli za vioo. Alikaa saa mbili nzima, na reli zenyewe hakuzigusa.