Droo Zilizokataa Kufunguka Igowole

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani, hata la yule aliyetuuzia mbao. Nayaacha hukohuko. Wenyewe wapo na wana wajukuu.

Kabati la kwanza la droo tulitengeneza mimi na marehemu mume wangu, bandani kwetu Igowole, la binti yetu aliyeolewa Madibira kwa wafugaji. Yeye akiranda, mimi nashika ubao. Droo ziliteleza kama zimepakwa mafuta, tukajisifu. Kumbe hapa kwetu ni ukungu na baridi, mbao haikauki vizuri. Kule Madibira, Mbeya bondeni, jua ni la kuanikia mpunga. Kiangazi kimoja tu, droo zikasinyaa. Ukikanyaga sakafu zinatoka zenyewe. Wakwe wakasema, "Kabati la Wahehe linatoa ulimi." Neno hilo lilimkaa mume wangu mpaka anakufa.

Mwaka juzi mjukuu wangu naye akachumbiwa kulekule. Nikasema kabati nalitengeneza mimi.

Mwanangu, baba yake, akacheka. "Mama, Iringa mjini yamejaa ya kununua."

"Ya kununua hayakuchekwa. Lililochekwa ni letu."

Nikachukua randa ya marehemu. Shule niliishia darasa la pili, lakini ubao nausoma kwa kiganja. Kila droo niliiacha nene kidogo, iingie kwa kugongwa. Mwanangu akavuta moja, ikamshinda.

"Mama, hapa umejenga ukuta."

"Acha hivyohivyo."

Siku ya kumuaga bibi harusi, kabati likatolewa mbele za watu. Shangazi wa bwana harusi, mama mwenye sauti, akavuta droo ya juu. Wapi! Akavuta kwa mikono miwili, kabati zima likamfuata. Watu hawana mbavu kwa kicheko.

"Bibi, hizi nguo tutazipitishia wapi, dirishani?"

Mjukuu wangu akainamisha uso. Hapo ndipo iliponiuma, lakini sikutikisika. Nikamwambia shangazi,

"Mama, hizo ni droo za Madibira, msizifungulie Igowole. Ziacheni zione jua la kwenu, na mtu asiziguse kwa randa."

"Haya, jua ndilo fundi wetu!" akajibu shangazi.

Likapakiwa kwenye lori, likaenda. Julai kimya. Agosti kimya. 

Septemba mjukuu akapiga simu. "Bibi, shangazi yupo hapa, anataka usikie."

Nikasikia mbao ikisugua mbao, taratibu, ikatoka, ikarudi mpaka mwisho, tap. Nikauliza, "Na ulimi je?"

Shangazi mwenyewe akajibu. "Umetulia, Bibi. Nimeruka hapa sakafuni kama mtoto, hautoki mpaka uvutwe."

Nikamshukuru, nikaenda bandani. Randa nikaifuta vumbi, nikaitundika kwenye msumari wake, pale alipokuwa akiitundika marehemu kazi ikiisha.