Sindano ya Mume Wangu

Nilipomaliza chuo cha uuguzi nilijiona nimeimaliza dunia. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imeachiwa huru, mitumba imejaa minadani, nami nikajinunulia viatu vyeupe ambavyo kwa kweli vilikuwa vya kuchezea tenisi. Gauni nililipiga wanga mpaka likawa linasimama lenyewe. Nyumbani Mandewa mama alinipitisha kwa majirani wote wanione, ndipo nikapanda lori kwenda kwenye kazi yangu ya kwanza, zahanati ndogo upande wa Iramba.

Pale tulikuwa wawili: mganga, mwanamume mtu mzima asiye na haraka, na mimi. Nilifagia, nikachemsha sindano kwenye jiko la mafuta ya taa, nikapima watoto uzito. Akina mama nao niliwachoma bila shida. Shida ilikuwa wazee wa kiume. Walinitazama usoni, wakatazama viatu, kisha wakauliza mganga yuko wapi. Iliniuma sana, maana sikusomea kufagia.

Siku moja mganga akaenda Kiomboi kufuata dawa. Hajafika mbali, akaletwa mzee mmoja mfugaji kwa mkokoteni wa ng'ombe, mkewe akiwa pembeni. Kifua kilikuwa kinakwaruza, mwili unawaka moto, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Ilikuwa nimonia, na dawa yake ya sindano tulikuwa nayo. Kilichokosekana ni tako tu.

Nikafanya yote niliyofundishwa. Nilipiga goti kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, una nimonia. Nitakuchoma sindano ya makalio, baba. Naomba ulegeze suruali, baba."

Chuoni walitusisitizia tumwite mgonjwa baba au mama ili ajisikie anaheshimiwa. Mimi kwa woga nikawa nammwagia heshima hiyo kama chumvi kwenye mboga iliyoungua. Mzee akashika mkanda wake kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nitamsubiri mganga."

"Mganga anarudi kesho, baba."

"Basi nitamsubiri hiyo kesho."

Nilimweleza kwamba kesho inaweza kumkuta hayupo. Nilimbembeleza baba hivi, baba vile, na kila baba ilipotoka mkanda ulizidi kukazwa. Nikaogopa kweli. Nilimwona anafia mikononi mwangu, nami nimesimama na bomba limejaa dawa na viatu vya tenisi. Nilitaka kulia, na papo hapo nilitaka kumzaba kibao.

Mkewe akaguna. "Mtoto gani anamvua nguo baba yake?"

Kwetu mimi nimekua nikiitwa mke na babu zangu wote, nikigombana nao hadharani juu ya mahari, na hakuna aliyeona haya. Lakini baba ni baba, hata ukanda wake huugusi. Nilikuwa nimejifanya binti wa mzee huyu, halafu namwamuru avue.

Nikaweka mkono kiunoni, nikamgeukia yule mama.

"Bibi, mke mwenzangu, huyu mume wetu ana nini? Nimetoka Mandewa kuja kuolewa, ng'ombe hata mmoja sijaona kwa baba, na sasa hata tako ananinyima. Kama hanitaki aseme, nirudi kwetu."

Bibi hakusubiri kuambiwa mara mbili. "Ndivyo alivyo, mwenzangu. Hata mimi alinisumbua hivyo hivyo."

Mzee akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na alipotulia alikuwa ameshalegeza mkanda mwenyewe.

"Mwanamke hata ugali hajanipikia, ameshaanza kugomba," akasema, akageuka ukutani.

Nikamchoma. Akalalamika kwamba mke mdogo ana mkono mzito, nami nikamwambia mahari ikifika utakuwa mwepesi. Alilala pale zahanati, bibi akiwa kwenye mkeka chini. Asubuhi pumzi zilikuwa zimepungua kasi na aliomba uji. Nilikwenda nyuma ya zahanati nikalia kidogo, kwa furaha.

Mganga aliporudi nilimweleza ugonjwa na dawa, ya ndoa nikayaacha. Akamsifu mzee kwa kuvumilia, akachukua sindano ya siku hiyo akaingia nayo. Mzee akashika mkanda.

"Mganga, una akili kweli? Nivue mbele ya mwanamume mwenzangu, na mke wangu amesimama pale?"

Mganga akanigeukia. Nikanyoosha mkono, uso mkavu kama wa matroni, akanipa ile sindano na kutoka nje. Nikamsikia huko kwenye benchi akimwambia mzee mwingine aliyekuwa anamsubiri, na aliyesikia yote dirishani, kwamba sasa ni zamu yake kuchomwa.

"Hapana," yule mzee akajibu. "Muulize kwanza yule binti ameshaposwa na wangapi."