Jembe la Bwana Katibu

Siku yangu ya kwanza kazini nilibebeshwa viti. Nyie vijana mnaosoma haya mtadhani nawatania. Viti vya turubai, vile vya kukunja, vimefungwa kamba kama kuni, kutoka stesheni ya Same mpaka huko juu milimani kwetu ambako mawe ya kukalia yamejaa tangu Mungu aumbe dunia. Nikamuuliza mwenzangu aliyetangulia njiani, "Hivi hawa watu wanapanda mlima ili wakakae?" Akanijibu bila kugeuka, "Wee beba tu. Ukiuliza sana utapewa na meza." Na kweli, yeye meza ndiyo iliyokuwa kichwani kwake.

Enzi hizo Mwingereza ndiye mwenye nchi, na wazungu wa tambarare walikuwa na chama chao cha kupanda milima. Ndani yake walikuwamo maofisa wa serikali, mameneja wa mashamba ya mkonge, wakubwa wa reli, pamoja na wake zao. Walifika kwa treni siku ya Ijumaa, wakalala kwenye banda lao karibu na stesheni, na Jumamosi asubuhi tukawapandisha. Bwana Mwenyekiti alikuwa mtu mnene asiyepanda kitu. Yeye alihutubia pale bandani, akapeana mikono na kila mtu, kisha akarudi kwenye kivuli. Mwenye chama hasa alikuwa Bwana Katibu, mrefu, kaptula imenyooshwa pasi mpaka inakata, filimbi shingoni. Akipuliza mara moja tunabeba, akipuliza tena tunatua. Hakuwahi kutuita kwa majina, alituita kwa filimbi. Hilo lilinikera tangu siku ile ya viti, na mpaka leo nikisikia filimbi ya refa mpirani damu inanichemka.

Kazi yenyewe ilikuwa na ufundi wake, nisije nikaisema vibaya. Aliyenifundisha ni mnyapara wa zamani, yaani mkubwa wa wapagazi, mzee mmoja wa Hedaru. Alinifundisha kusokota ngata, ile pete ya kichwani ya kuwekea mzigo, kwa majani ya mgomba yaliyokauka lakini hayajawa makavu kabisa, maana makavu sana yanakatika na mzigo unakulalia fuvuni. Alinifundisha kupanda kwa hatua fupi, mdomo umefungwa, macho kwenye kisigino cha aliye mbele. Hema nalo lina namna yake. Mambo zake, vile vigingi vya kushikia kamba, hupigwa zikiinama kinyume na hema, la sivyo upepo wa mlimani unaling'oa lote na kukuachia wazungu wamekodoa macho ndani ya nguo za kulalia. Niliwahi kuliona hilo, na sitasema uongo, nililala nacheka.

Goti la yule mzee lilipokataa, Bwana Katibu alinitupia koti lake la unyapara, akaniwekea na filimbi ndogo mfukoni. "Sasa wewe mnyapara," akasema. Basi, kazi ikawa yangu. Mzee wa Hedaru aliondoka bila hata ahsante, akachechemea kuelekea barabarani, na Bwana Katibu tayari alikuwa anakagua mizigo.

Huko juu walistarehe. Tulibeba santuri na sahani zake, tukabeba viatu vya kuchezea dansi, maana vile vya kupandia havifai kwenye dansi, eti. Jioni walicheza kwenye majani, wawili wawili. Walikunywa chai, wakaimba, wakapigana picha kila penye jiwe. Na kila jiwe walilipa jina! Jiwe kubwa la juu ya kijiji chetu wakaliita kwa jina la mke wa Bwana Mwenyekiti, ambaye hajawahi kulitia machoni. Jiwe lile lina jina. Bibi yangu alilijua, na bibi yake pia. Nilimwambia Bwana Katibu, akanijibu, "Hiyo jina ya zamani, mnyapara. Sasa iko mpya." Nikaliacha lipite, maana jiwe halinywi maji wala halilishi mtoto. Ndiva ni kitu kingine.

Kwa asiyekuwa wa kwetu, ndiva ni bwawa letu la mlimani, limejengwa kwa mawe na udongo. Maji ya kijito yanajikusanya humo usiku kucha, asubuhi mzee wa ndiva anang'oa kizibo cha mti, maji yanashuka kwa mfereji mpaka kwenye shamba la mwenye zamu. Kila kaya ina zamu yake, na hakuna wa kuigusa. Na kila kaya inawajibika kwa msaragambo, yaani baragumu likilia wote mnatoka na majembe na makarai mkazoe tope ndani ya ndiva. Umetumia maji, utatoa tope. Usipotokea bila sababu, watu wanakuacha peke yako: hupewi kijinga cha moto, husaidiwi hata kujitwisha ndoo, mpaka siku utakapoingia topeni na jembe lako. Hivyo tu. Haihitaji hakimu.

Mwaka ninaousema, vuli iligoma. Dada yangu Namkunda alikuwa mjane mwenye watoto wadogo, na riziki yao yote ilikuwa maharage kwenye shamba moja chini ya ndiva. Yalikuwa yameanza maua. Maharage yakiwa kwenye maua ukayanyima maji zamu mbili, umeyaua, huna haja ya kungoja uone. Zamu ya Namkunda ilikuwa Jumamosi asubuhi.

Na chama kilikuja Jumamosi. Memsahibu mmoja aliichungulia ndiva ikiwa bado imejaa, kizibo hakijang'olewa, akapiga kelele ya furaha, wakavua nguo wakatumbukia na sabuni zao. Wakaipenda. Wiki ile ile Bwana Katibu akaniita bandani.

"Mnyapara, ambia watu yako. Jumamosi maji kaa. Hapana fungua mpaka sisi nakwisha oga."

"Bwana, Jumamosi ni zamu ya mtu. Ni dada yangu, ana watoto. Maharage yatakufa."

"Huyo dada moja. Sisi chama."

Sisi chama! Namna alivyosema, kama anamfafanulia mtoto. Nikamwambia basi akaseme mwenyewe kwa wenye ndiva. Akacheka, akasema ameshasema na jumbe. Na jumbe wetu, mkuu wa kijiji, mtu aliyevaa kofia ya serikali hata ndani ya nyumba, alikwisha kukubali bila kumuuliza yeyote, akataka mimi ndiye nilipeleke neno, kwa kuwa koti la chama lilikuwa mgongoni kwangu.

Nilipanda mlima na hasira zangu. Mzee wa ndiva wakati huo alikuwa Mzee Kitojo, mfupi, mkavu, mwenye sauti ndogo. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwambia yote. Namkunda alikuwepo.

"Kaka," akasema, "yaani niwatazame wanaoga maji yangu?"

"Ndivyo walivyosema."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema wamelaaniwa."

"Hiyo hainyweshi maharage, kaka."

Mzee Kitojo akaenda kukipapasa kizibo cha ndiva. Jumamosi ile maji yalikaa mpaka jua kuzama, na kesho yake ilikuwa zamu ya mtu mwingine. Walioga, wakacheza mpira majini, sabuni ikaelea mpaka kwenye kizibo. Namkunda alisimama ukingoni na jembe lake, akitazama. Memsahibu akampungia mkono, naye hakupunga. Nilikuwa napiga mambo za hema kwa nyundo, nikapiga mpaka moja ikavunjika. Jioni nilipita shambani, maua yalikuwa yamelala.

Katikati ya wiki Mzee Kitojo akaniita. "Jumamosi kutakuwa na msaragambo," akasema.

"Mzee, msaragambo si mpaka tuvune?"

"Baragumu ni langu au lako?"

"Lako, mzee."

"Haya. Tope limezidi. Mwambie kila mpagazi wako aliye wa ndiva hii." Na wapagazi wangu wote walikuwa wa ndiva ile.

Jumamosi ikafika. Wazungu wamo majini, santuri inalia ukingoni, jua la mchana. Baragumu likalia. Watu wakatokea pande zote mbili za mlima, wake kwa waume, majembe begani, makarai kichwani, wanaimba, maana msaragambo hauendi bila wimbo. Mzee Kitojo akashuka bila kumwangalia mtu, akashika kizibo, akaking'oa.

Maji yakaondoka kwa kishindo. Na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, yaliondoka kwa mfereji wa mwenye zamu. Namkunda alikuwa tayari shambani, nilimwona kwa mbali anakimbia na jembe kuyapokea, anafungua huku, anaziba kule. Wazungu wakabaki wamesimama kwenye tope la magoti, wameduwaa. Watu wakaingia, tope likaanza kuruka.

Sasa mnajua walifanya nini? Walipiga makofi! Walidhani ni ngoma. Walidhani tumekuja kuwachezea. Mmoja akakimbilia kamera, memsahibu mwingine akaanza kukatika katikati ya akina mama wanaofanya kazi, na Bwana Katibu, tope mpaka mapajani, akaniita kwa furaha, "Mnyapara! Ngoma nzuri sana! Ngoma ya nini hii?"

"Si ngoma, Bwana. Ni kazi."

Mzee Kitojo akaja na jembe jipya, mpini mweupe kabisa. Akamnyooshea Bwana Katibu kwa mikono miwili. "Mwambie ametumia ndiva, basi ni mtu wa ndiva. Jembe lake hili hapa. Karibu."

Nikamfasiria neno kwa neno, wala sikupunguza. Kwanza akacheka. Kisha akaangalia chini, akaona bwawa lake la kuogelea limekwisha, akawa mwekundu. "Nani nafungua maji? Nani? Ambia huyu mzee, mimi si kuli yake!" Akalisukuma jembe likaanguka topeni.

Wimbo ukakatika. Santuri peke yake ikaendelea kulia kama mjinga. Mzee Kitojo akaliokota lile jembe, akalifuta kwa kiganja, akaliegemeza kwenye ukuta wa ndiva. "Litamngoja," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Aliyekataa msaragambo mnamjua anavyokaa. Endeleeni."

Bwana Katibu akapuliza filimbi tubebe mizigo. Hakuna aliyetikisika. Akapuliza tena mpaka mashavu yakatuna. Ndipo nikavua lile koti, nikaliweka juu ya kiti cha turubai, na filimbi yangu juu yake. Nikamwambia, "Bwana, hapa kwetu anayekataa msaragambo habebewi mzigo. Hata na mimi siwezi." Nikakunja suruali, nikaingia topeni. Nilikuwa nimechoka kuita hasira zangu adabu.

Walishuka wenyewe. Wakubwa wa reli na mkonge, hema kichwani bila ngata, wanateleza, wanatukanana. Viti waliviacha. Nilivikalia miaka mingi.

Lakini msidhani tulishinda tukala sikukuu. Askari wa jumbe walikuja wakamchukua Mzee Kitojo kwa kosa la kuwafanyia wageni fujo, wakampeleka kupasua mawe ya njia, mzee wa umri ule, mpaka msimu wa baridi. Alirudi na kikohozi kilichomzika kabla bendera ya Mwingereza haijashuka. Jumbe alihudhuria mazishi na kofia yake. Namkunda alimwendea mbele ya watu wote, akaweka miguuni pake ungo wa maharage. "Haya ndiyo aliyofungiwa," akasema. "Yahesabu basi." Jumbe akaondoka kabla ya sala.

Chama hakikurudi kwetu. Kilihamia milima mingine, na sina shaka huko nako kiliyapa mawe majina. Mimi nilipata kazi ya kulinda msitu wa serikali, chini ya Bwana Misitu mmoja mkali, na baada ya Uhuru chini ya ofisa wa kwetu, mkali vilevile, ila yeye aliniita kwa jina. Huko ndiko nilikostaafia. Huwa naulizwa kama nimewasamehe wale. Nimsamehe nani? Hakuna aliyewahi kuja kuniomba. Watoto wa Namkunda walikula mwaka ule, wakakua, mmoja ni mwalimu Same. Hilo nalifurahia. Mengine bado yananichoma, nami sioni haya kusema.

Msaragambo ungalipo, ingawa nyie wengine baragumu likilia mnajifanya mna mafua. Siku hiyo mwenye baragumu huita kaya moja moja kwa jina, na kila kaya huitikia. Mwishoni kabisa, kama Mzee Kitojo alivyoagiza kabla hajafa, huita, "Bwana Katibu!" Na ndiva nzima, hata watoto wasiojua habari yenyewe, hujibu kwa sauti moja, "Hajaja!"

Jembe lake lipo pale pale ukutani. Mpini wa kwanza uliliwa na mchwa, wa pili pia. Mwaka huu nimelitia mwingine kwa mikono yangu mwenyewe.