Nilimsingizia Mama Blanketi la Kompyuta

Jamani, nisiwazungushe: nilikosea mimi, na aliyebeba kosa ni mama yangu mzazi. Jina langu liacheni tu, Moshi ni mji mdogo.

Miaka hiyo kompyuta ndiyo kwanza zimeanza kuzoeleka mjini, nami nilikuwa na kibanda cha kuhariri mikanda ya harusi. Nilikuwa na mchumba wa Marangu, nimwite Eli. Krismasi, ukoo wao ukishapanda kutoka Dar, sisi tungepeleka mbege ya posa, ile pombe yetu ya ndizi, kisha mimi ningewaonyesha mkanda wa harusi ya dada yake. Baba yake alikuwa hajakubali kwamba kuhariri mikanda ni kazi ya kulisha familia. Mkanda ule ndio ungenisemea.

Wiki hiyohiyo feni ya kadi ya picha ikaanza kukoroma. Ni kifeni kidogo tu, kazi yake kuipoza kadi isiungue. Mara kikagoma kabisa. Rafiki yangu fundi, aliyezoea kumwita kila Mchaga Mangi, akaniambia, "Mangi, agiza feni Nairobi. Ikipita mpakani Holili tu, umepona."

Ninunue upepo? Mimi, mtoto wa Kirua Vunjo, ambako asubuhi hutoki bila sweta? Nikamwambia baridi ya kwetu ni ya bure. Nikaipakia kompyuta kwenye pikapu, nikaipandisha kwa mama.

Nikaifungua ubavu, nikaiweka karibu na dirisha, na kweli ikatulia. Nikajiona profesa! Mama aliliogopa hilo dude kiasi kwamba akitaka kwenda jikoni alizungukia migombani.

Mkesha wa Krismasi ikabaki ile hatua ya kuiacha mashine ijimalizie yenyewe. Jirani akaniita nikaonje mbege yake. Sasa kuku wa mama wana tabia ya kuingia ndani, nikaogopa wasije wakatua humo kwenye nyaya. Nikachukua blanketi zito la mama, nikaifunika mashine gubigubi. Nikampigia Eli simu kujisifu: "Nimeifunika vizuri, kuku hawaigusi."

Narudi, nyumba nzima inanuka plastiki iliyoungua. Kioo ni cheusi. Yesu na Maria! Kadi imekufa, mkanda umo ndani hautoki, na maduka mjini yamefungwa.

Kesho yake kwa wakwe mbege ikapokelewa, sebule ikajaa, televisheni ikawashwa. Mzee akaniuliza, "Haya kijana, mkanda uko wapi?"

Mdomo wangu ukanitangulia. "Baba, ni mama. Alidhani mashine inasikia baridi, akaifunika blanketi. Si unawajua wazee wetu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama alikuwa amekaa pale pale na kina mama wenzake, kitenge chake kipya begani. Akainamisha kichwa. "Ni kweli," akasema. "Mambo ya mashine mimi siyajui. Mtusamehe."

Eli hakucheka. Alinivuta mpaka nyuma ya zizi. "Na ile simu ya jana, niliota?"

Nikajifanya nakagua ng'ombe.

"Mama aliyekuzaa umemwaibisha mbele za watu ili wewe uonekane mjanja. Mimi utanifanyia nini?"

Posa iliishia hapo. Mbege yetu lakini waliimaliza yote.

Ilinichukua muda mrefu. Mwishowe nikamfuata mama jikoni, nikamwambia, "Mama, nisamehe kwa lile jambo la blanketi."

Hakuacha kumenya ndizi. "Nilikubali lawama ili upate mke," akasema. "Haya, mke yuko wapi?"

Mpaka leo, mke sina.

Ndugu zangu, feni ikianza kukoroma, nunua feni. Na ukishaunguza, fungua mdomo useme ni wewe. Usimtwishe mama yako, maana yeye atakubali.