Vijiko Vitatu kwenye Chupa ya Marehemu

Wacha niseme mapema tumalizane: mimi ndiye niliyetia sukari kwenye mvinyo wa marehemu. Vijiko vitatu. Nikakoroga. Na kabla ya hapo nilikuwa nimeuchuja na kichujio cha chai, kile chenye mpini umeungua. Sikuwa nimelewa, wala sikuwa na ubaya na mtu. Nilikuwa nasaidia, na hapo ndipo mimi huharibu zaidi.

Mimi ni fundi wa mawe, naishi Voi. Shule niliachia form two, kwa hivyo vitu vingi navijua nusu. Najua kuna Ufaransa. Iko upande gani, usiniulize. Siku moja mama mmoja, nesi aliyestaafu, aliniita kwake huko milimani juu ya Mwatate. Yeye na mumewe, Wataita wote wawili, walikuwa wameishi Ufaransa miaka mingi, mzee akipika kwa hoteli. Mzee akafia huko. Mama akarudi nyumbani na binti yake, masanduku manne na chupa moja.

"Fundi," akasema, "nataka unichimbie chumba chini ya nyumba."

"Cha kuweka nini, Mama?"

"Hii."

Nikaangalia chupa. Nikaangalia nyuma yake, labda kuna kitu kingine kikubwa. Hakukuwa na kitu.

Ndipo akanieleza. Mwaka binti yao alipozaliwa, mzee alinunua chupa mbili za mvinyo mweupe, ule mzuri wa kulazwa miaka. Moja aliifungua siku msichana alipomaliza sekondari. Akaonja, akatikisa kichwa, akasema bado changa. Ya pili isiguswe hadi siku binti atakapoposwa. Siku hiyo wainywe pamoja, baba, mama na mtoto, na kama mmoja hayupo, waliobaki wamnywee yeye.

Mimi nilipotea hapo kwa changa. Miaka kumi na minane, halafu changa? Kwetu mbangara, ile pombe yetu ya miwa, ikifika siku ya nne watu wanaanza kuulizana kama ni ya kunywa ama ya kufukuzia siafu. Na masharti! Ikae kwa baridi, lakini si kwa friji. Ilale, isisimame. Gizani. Isitikiswe. Nikauliza kama inafaa kugeuzwa ubavu, kama mgonjwa. Akasema hapana. Nikajiambia, huyu mama amefiwa, chimba tu.

Nikachimba. Kuta za mawe, ngazi nane, mlango mzito. Rafu ya kulazia chupa nilimpa kazi rafiki yangu wa Voi, Mkamba, mchomeleaji vyuma mwenye mdomo kuliko mashine yake. Nilimwambia chupa ni moja. Akatengeneza nafasi kumi na mbili.

"Nafasi moja siwezi," akasema. "Watu watafikiri nimeishiwa na vyuma. Kwanza hiyo chupa itakuwa inafanya nini huko chini?"

"Inaiva."

"Kama ndizi?"

"Sijui, bwana. Kama ndizi."

Miaka minne chupa ililala. Mama magoti yalikuwa yanamsumbua, ngazi zangu nane hakuziweza, kwa hivyo kila nikipanda kwake kurekebisha bomba au kigae, nilimshukia mimi.

"Iko?" ananiuliza nikitoka.

"Iko, Mama."

"Imelala?"

"Fofofo."

Basi siku ya posa ikafika. Upande wa kijana wakapanda na madebe ya mbangara na shangazi wengi wenye sauti. Mama akakaa mbele ya wageni na kitenge chake kipya. Binti alikuwa amefungiwa chumbani hadi aitwe, kama kawaida. Mama akaninong'oneza sikioni: "Fundi, ilete. Ifungue jikoni taratibu, mimina kwa glasi, uniletee ya kwanza." Mkononi akanipa kizibuo cha mzee mwenyewe. Nilijisikia kama nimepewa mkuki wa ukoo.

Niliipandisha ile chupa nimeikumbatia kama mtoto wa siku tatu. Jikoni nikazungusha kizibuo, nikavuta. Kizibo kikakatika katikati. Nikavuta tena, nusu iliyobaki ikazama ndani na kusambaratika. Nikasema si kitu, nikamimina kidogo kwa glasi nione.

Kwanza, haukuwa mweupe. Ulikuwa wa dhahabu, kama samli iliyoyeyuka. Nikarudi kusoma karatasi ya chupa kama nimekosea, lakini ilikuwa ya Kifaransa na mimi hata Kiingereza tuliachana vibaya. Pili, makombo ya kizibo yalikuwa yanaogelea. Tatu, nikaiinua chupa kwa dirisha, na huko chini kabisa nikaona vitu vinang'aa. Vidogo, vyeupe, vyenye ncha.

Vipande vya kioo.

Nikawaona wazee wote wa posa wamelazwa wodi moja, bibi arusi anapita na uji kitanda hadi kitanda. Jasho likanitoka huko kwa baridi. Kichujio kilikuwa kimening'inia ukutani. Nikachuja polepole kwa jagi, na nilipokaribia zile ncha nikasimamisha, nikaacha chini kama vidole viwili. Chupa nikaiweka kando ya ndoo ya taka.

Halafu nikaonja.

Ulimi ulijikunja kama jani la kifauongo likiguswa. Ukali! Hakuna utamu hata wa dawa. Nikajua sasa ndiyo hiyo: chupa ya mzee wa watu imengoja miaka ishirini na nane, na kitu kimechachuka. Kwetu mbangara ikichachuka na wageni wameshaketi, anayejua anaongeza utamu, anakoroga, ananyamaza, na mwenye nyumba haaibiki. Nikasema mimi siwezi kumwachia marehemu aaibike mbele ya wakwe. Mkebe wa sukari ulikuwa hapo hapo. Kimoja. Nikaonja. Viwili. Cha tatu kilikuwa cha heshima.

Nikamimina kwa glasi, nikatoka na sinia. Mama akawaeleza wageni habari ya mzee na chupa, kisha akapiga funda. Wengine nao wakapiga.

Mjomba wa kijana akalamba midomo. "Eeh! Hawa Wafaransa wanajua! Kuna nyingine?"

Mama alikuwa bado hajameza. Alikaa hivyo, mashavu yamejaa, ananiangalia. Akameza.

"Fundi. Njoo hapa. Umeweka nini?"

"Si kingi, Mama."

"Fundi."

"Sukari. Ulikuwa umechachuka."

"Umechachuka," akasema, polepole, kama anajifunza neno. Akajifunika uso na kitenge, mabega yakaanza kutingika. Hadi leo sijui alikuwa analia ama anacheka. Nilisimama na sinia, nikitafuta mahali pa kuliweka kusudi nikimbie vizuri.

"Chupa iko wapi?"

"Kando ya ndoo. Nilibakisha chini, kuna vioo."

Akasimama. Na yale magoti. Mama mwenye binti haachi kiti chake wakwe wakiwa wameketi, shangazi wote wakaguna, lakini yeye aliingia ndani bila kugeuka. Akagonga mlango wa chumba, akamtoa binti yake kwa mkono, wakaja jikoni. Akamimina vile vidole viwili kwa kikombe cha chai, pamoja na vile vitu.

"Mama, vioo!" nikapiga kelele.

"Si vioo. Ni chumvi yake yenyewe. Mvinyo ukilala sana kwa baridi unatoa hivi." Akaweka kimoja mdomoni, akakitafuna. Kacha. Kisha akanywa kidogo sana, akafumba macho, akampa mtoto.

Binti akanywa, akabaki ameshika kikombe na mikono miwili. "Kunanuka kama aproni ya Baba," akasema.

"Umeiva," mama akasema.

Tone la mwisho walinipa mimi. Nilitegemea ule ukali, nao ulikuwepo, lakini nyuma yake kulikuwa na asali, na maganda ya chungwa, na ile harufu ya mawe ninapoyapasua. Nikatafuta hiyo asali iliingilia wapi wakati sukari yangu yote iko nje kwa glasi za wageni. Sikuelewa. Nikaulizwa kama nimeelewa, nikasema ndiyo.

Binti aliolewa. Mama bado ananiita kurekebisha bomba, na akinitengenezea chai huwa anaficha mkebe wa sukari mbele ya macho yangu.

Niliporudi Voi nikamsimulia yule rafiki yangu mchomeleaji. Alizima mashine, akavua miwani, akasikiliza hadi mwisho, kitu ambacho hajawahi kufanya.

"Zile nafasi kumi na moja zilizobaki kwa rafu," akasema, "sasa nimejua nilizitengenezea nani. Nenda ukalale huko, ndugu yangu. Miaka ishirini, gizani, usitikiswe. Labda ukitoka utakuwa umeiva. Na usiogope, mimi sitakuwekea sukari."